Miguu inayotetemeka ukisimama tu: kuipima na kuitibu tukiwa huku Kusini

Mgonjwa wa mtetemo wa kusimama (kwa Kiingereza orthostatic tremor) akiingia kwa daktari huambiwa karibu, kaa. Anakaa. Anaulizwa maswali akiwa amekaa, anapimwa presha akiwa amekaa, anagongwa magoti kwa kinyundo akiwa amekaa, halafu anapanda kitandani anakandwa tumbo. Mwisho anaambiwa hana kitu, na kwa dakika zote hizo kweli hakuwa na kitu. Ugonjwa wake huanza pale tu anaposimama wima bila kutembea, na hakuna aliyemsimamisha.

Ndiyo maana watu hukaa nao miaka bila kujulikana. Hupewa vidonge vya B kompleksi, dawa za kuchua, dawa za wasiwasi, wengine dawa za presha wasizozihitaji. Nyumbani nako husemwa ni woga, au ni jini. Sina ugomvi na anayetaka kusomewa dua. Ninachosikitikia ni fedha na miaka inayopita kabla mtu hajawekewa mkono kwenye kigimbi, ule msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti, akiwa amesimama.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akisimama, misuli ya miguu na kiwiliwili huanza kutetemeka mara 13 hadi 18 kwa sekunde. Mtetemo wa mkono wa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kasi ya mwili, ni mara 4 hadi 6 kwa sekunde, ndiyo maana ule unaonekana kwa macho. Huu wa kusimama una kasi inayofanya jicho lisiuone, au lione ngozi ya kigimbi ikicheza kidogo tu. Daktari Kenneth Heilman wa Marekani ndiye aliyeuelezea na kuupa jina mwaka 1984. Chanzo chake hakiko kwenye misuli wala kwenye magoti, kiko kwenye ubongo, katika njia zinazopita ubongo mdogo, ule wa kisogoni. Mdundo mmoja unapelekwa miguu yote miwili kwa pamoja, na misuli ya kulia na ya kushoto inafuata mpigo uleule. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, wanawake kuliko wanaume, na ni ugonjwa adimu. Hauui. Unakwenda ukiongezeka polepole, na muda ambao mtu anaweza kusimama hupungua mwaka baada ya mwaka.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasemi kwamba anatetemeka. Husema, "Nikisimama naona kama nitaanguka, nikikaa hamna kitu, nikitembea hamna kitu." Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mtu wa miaka 60, mhudumu wa afya aache kuandika na ainuke naye.

Huku kwetu Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, tatizo hili linajificha kwa sababu ya namna tunavyofanya kazi za nyumbani. Mama wa Mikindani au wa Kilwa Kivinje anakuna nazi amekaa juu ya mbuzi, anapika amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, anabangua korosho amekaa kwenye mkeka. Kazi zote hizo miguu haibebi mwili. Anaweza kukaa nao muda mrefu akidhani ni uzee. Unaumbuka kwenye foleni: dirisha la dawa, mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, swala ya tarawehe, kivuko cha Msangamkuu siku kilipojaa. Akiwa kwenye foleni hiyo utamwona anahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, vidole vya miguu vimekunjika kuishika ardhi, kisha anatoka kwenye mstari na kuzunguka kidogo. Wenzake hudhani hana subira.

Kuupima

Kupima hakuhitaji mashine. Kunahitaji stetoskopu, saa inayoonyesha sekunde, kiti na mtu wa pili.

Anza na presha, maana presha inayoshuka mtu akisimama ndiyo inayochanganywa zaidi na ugonjwa huu. Mlaze dakika 5, mpime. Msimamishe, mpime tena dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, shughulikia hilo kwanza: dawa za presha zilizozidi, upungufu wa maji, kisukari kilichokaa muda mrefu. Mwenye presha ya kushuka macho humwingia giza na kichwa huwa chepesi. Mwenye mtetemo macho yake yako wazi na kichwa chake kiko sawa. Kinachomsumbua kiko chini ya kiuno.

Kisha avue viatu asimame kwenye sakafu ngumu, nyayo zikiachana kwa upana wa mabega, mikono ikining'inia. Suruali ipandishwe au kanga ifungwe juu ya magoti. Kiti kiwe nyuma yake na mtu wa pili awe ubavuni bila kumgusa. Asishike chochote: mkono mmoja tu kwenye ukingo wa meza unaweza kuuficha mtetemo, na mgonjwa mzoefu hushika bila mwenyewe kujua. Subiri hadi dakika 3. Wengi huanza ndani ya sekunde chache, wengine hukaribia dakika nzima. Kosa la kawaida ni kumsimamisha kwa sekunde 10, kuona yuko sawa, na kumwambia akae.

Weka kiganja chote kwenye kigimbi, usitumie ncha za vidole. Utahisi mtikisiko mwembamba, wa haraka, usiokatika. Kisha stetoskopu: upande wa mbele wa paja, nyuma ya paja, halafu kigimbi, miguu yote miwili. Ishike imara, maana ikiteleza kwenye ngozi au kwenye vinyweleo inatoa mkwaruzo wake. Unachokitafuta ni mdundo wa haraka wenye nafasi zinazolingana, na madaktari wameufananisha na helikopta inayopita mbali. Mwambie akae huku stetoskopu ingali pajani: mdundo unakatika. Mwinue tena: unarudi. Kuja na kuondoka huko kuna uzito kuliko sauti yenyewe.

Tahadhari moja. Msuli wa mtu mzima wa afya nao ukikaza unatoa mngurumo hafifu usio na mpangilio. Kabla hujasikiliza mgonjwa, sikiliza paja lako mwenyewe ukiwa umesimama, au la nesi mwenzako, ili ujue mngurumo wa kawaida ukoje. Ukiruka hatua hii utampa ugonjwa kila anayepita.

Jaribio la mwisho ni la meza. Mgonjwa ainame, aegemeze mikono iliyonyooka juu ya meza nzito na kuuhamishia uzito wake huko. Kwa baadhi yao mtetemo hupungua miguuni na kujitokeza mikononi, kwa kasi ileile. Ni uthibitisho mzuri kwamba shida haiko kwenye goti wala kwenye kiuno.

Simu nayo inasaidia. Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mwendo, na zipo programu za bure zinazochora mtikisiko na kuonyesha kasi yake. Ifunge simu kwenye kigimbi kwa bandeji, ikaze bila kuumiza, rekodi sekunde 30 amesimama na 30 amekaa. Kabla ya hapo fungua mipangilio uangalie programu inachukua vipimo vingapi kwa sekunde. Iwe 100. Ikiwa ni 20, mtetemo wa mara 16 kwa sekunde utachorwa kwenye skrini kama wa mara 4, na mtu atakimbilia kusema ni Parkinson. Hesabu hiyo ni ya kimashine na haina huruma: ili kuona mtetemo wa mara 18 lazima uchukue vipimo zaidi ya 36 kwa sekunde, na ukitaka picha safi chukua vingi zaidi.

Kipimo kinachofunga mjadala ni cha umeme wa misuli, vishikizo vya kunasa umeme vikibandikwa kwenye misuli ya mbele na ya nyuma ya miguu yote miwili, mgonjwa akiwa amesimama. Narudia, amesimama. Mafundi wengi wamezoea kumlaza mgonjwa, na akilala karatasi itatoka safi. Barua ya rufaa iandikwe wazi kwamba kipimo kifanyike mgonjwa akiwa wima na kinatafutwa kitu cha mara 13 hadi 18 kwa sekunde. Si kipimo cha kukikuta kila hospitali, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kukata tiketi ya basi.

Vinavyofanana nao

Mtetemo wa kurithi unaokamata mikono, ule unaomwaga chai kwenye sahani, ni kitu kingine. Unapungua mtu akinywa pombe kidogo, huu wa kusimama kwa kawaida haujali pombe. Nalisema hili kwa sababu msimu wa mabibo kuna watakaoshauri kikombe cha uraka. Hakitasaidia, na kwa aliyeanza dawa nitakazozitaja chini ni hatari.

Mtetemo wa polepole unapotokea mtu akisimama, chini ya mara 13 kwa sekunde, unaoonekana kwa macho, tafuta dalili za Parkinson: mwendo mfupi wa kuburuza, mkono mmoja usiobembea wakati wa kutembea, uso uliokauka hisia. Uliza pia dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika iliyotumiwa wiki nyingi, au haloperidoli ya magonjwa ya akili, zinaweza kuleta hali ya Parkinson. Ikiwa unachosikia kwa stetoskopu ni mishtuko mifupi isiyo na mpangilio na mgonjwa anatembea vibaya, hiyo ni mishtuko ya misuli ya kusimama, ndugu wa karibu wa ugonjwa huu lakini si wenyewe.

Kwa Mtwara na Lindi kuna swali moja la ziada, na linahusu muhogo mchungu. Mtwara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambako konzo imewahi kurekodiwa, ugonjwa wa miguu unaotokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa miaka ya ukame makopa yanapoliwa kabla ya kukaa muda wa kutosha na mboga au samaki ni wa kutafuta. Konzo nayo inaweza kuanza na miguu kutetemeka. Tofauti zake ziko wazi ukizitafuta. Inakuja ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja au chache. Inawapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Miguu inakakamaa, magoti yanagusana, mtu anatembea kwa vidole. Mlaze mgonjwa, kunja goti kidogo, sukuma unyayo wake juu kwa haraka na uushikilie hapo: kwa mwenye konzo unyayo unaweza kudunda wenyewe mara nyingi mfululizo, kwa kasi ambayo jicho linaifuata. Mwenye mtetemo wa kusimama unyayo wake unatulia, na akianza kutembea anatembea vizuri tu. Kutembea vizuri ndiko kunakowatofautisha hawa wawili hata ukiwa mbali.

Vipimo vya damu vya kufanya ni vichache: homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa tezi iliyochangamka kupita kiasi inaweza kuleta mtetemo huu na ikitibiwa ukaondoka, vitamini B12, sukari, na figo, maana kipimo cha dawa kitategemea figo. Picha ya kichwa huwa safi kwa wagonjwa wengi. Iombwe ikiwa kuna dalili za ziada: upande mmoja dhaifu, matamshi mazito, kuona vitu viwiliviwili, au mwendo wa kupepesuka. Familia nyingi huanza na picha kwa sababu inaonekana ndiyo kubwa, zikamaliza fedha hapo, zikakosa za dawa.

Njia ya rufaa ni ileile ya kawaida: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Ligula kwa wa Mtwara na Sokoine kwa wa Lindi, halafu Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, na mwisho Muhimbili kwa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Beba video. Dakika 2 za simu zikionyesha kigimbi na vidole vya mgonjwa amesimama, kisha amekaa, pamoja na sauti iliyorekodiwa kwenye stetoskopu, zitafanya kazi kubwa kuliko maelezo ya nusu saa.

Kiti kwanza

Nitaweka kiti mbele ya dawa, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo. Dawa zinasaidia baadhi ya wagonjwa, tena nusunusu. Kupanga siku ili usisimame wima bila sababu kunamsaidia kila mmoja, kuanzia leo.

Nyumbani, mwenye jiko la juu au sinki atengenezewe kiti kirefu cha kuegesha makalio, ambapo uzito mwingi unabebwa na kiti na nyayo ziko sakafuni. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita 15. Kwa mwanamke wa urefu wa kati utapata kama sentimita 55 hadi 60. Kiti cha kawaida cha sentimita 45 ni kifupi mno kwa kazi ya mezani, humfanya mtu ainuke kila mara na hapo faida inapotea. Mwambie seremala aweke miguu 4 iliyotanuka kwa chini kuliko kwa juu, mbao ya kukalia iwe na mteremko mdogo sana kwa mbele, na kila mguu upigiliwe kipande cha tairi kuukuu. Mninga ni mzuri ila mzito. Kiti cha kuhamahama kiwe cha mbao nyepesi.

Bafuni ndiko kwenye hatari ya kweli: saruji yenye maji, macho yamefumba kwa povu, mikono yote miwili iko kichwani. Kiti cha plastiki chenye mikono kiingie bafuni na kisitoke. Ndoo iwekwe juu ya tofali 2 ili asiiname kuchota. Kuvaa suruali, chupi na viatu ni kwa kukaa kitandani, siku zote.

Kwenye foleni, mzee wa miaka 60 na kuendelea atumie haki yake. Hospitali za serikali zina utaratibu wa kuwatanguliza wazee, na hapaswi kuona haya kuutaja. Mwenye umri mdogo amwambie aliye nyuma yake, "Mwanangu, nishikie nafasi, miguu yangu haisimami," akakae. Asipopata pa kukaa, apige hatua palepale, au aegemeze mgongo ukutani nyayo zikiwa hatua moja mbele. Kukaza miguu na kujilazimisha kutulia ni kuuchochea. Kwenye kivuko ashike reli kwa mikono miwili na asikae katikati ya magari. Kistuli cha plastiki cha kukunja kinaingia kwenye mkoba na kinamaliza nusu ya shida za misiba, harusi na mikutano ya wakulima kule ghalani.

Swala isiwe mzigo. Asiyeweza kusimama anaruhusiwa kuswali amekaa, na anayeweza kusimama mwanzo wa rakaa kisha miguu ikaanza, akae palepale bila kusubiri ayumbe. Kiti kiwekwe mwisho wa safu, na imamu aelezwe mapema ili asiulizwe maswali msikitini. Kanisani ni hivyohivyo wakati wa nyimbo za kusimama.

Mazoezi hayaondoi mtetemo. Yanafaa kwa jambo jingine: mtu anayeogopa kusimama huacha kutembea, mapaja yanalegea, na hapo ndipo maanguko yanapoanza. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hawaanguki, wanaogopa kuanguka. Kuinuka na kukaa kitini mara 10, asubuhi na jioni, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, na matembezi ya kila siku kabla jua halijawa kali, yanatosha kulinda mapaja.

Dawa

Kabla ya kidonge cha kwanza, pima muda wa kusimama. Kiti nyuma, saa mkononi, saa ileile ya siku, siku 3 za wiki moja. Andika sekunde tangu kusimama hadi pale mgonjwa anaposema siwezi tena. Bila daftari hilo hakuna atakayejua kama dawa imefanya kazi, kwa sababu kumbukumbu inafuata hali ya moyo ya siku hiyo. Mimi naona muda usipoongezeka angalau maradufu, dawa hiyo hailipi usingizi inaouleta.

Klonazepamu ndiyo huanzwa kwa wengi. Kiwango cha kuanzia ni miligramu 0.5 usiku, na kwa mzee dhaifu nusu ya hapo. Kinapandishwa kwa miligramu 0.5 kila wiki, polepole. Taarifa za kitabibu zinataja viwango hadi miligramu 6 kwa siku, lakini wazee wengi hawafiki huko kabla ya kuanza kuyumba kwa dawa yenyewe, na mtu anayeyumba kwa dawa huonekana kama ugonjwa umezidi, akaongezewa. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Dalili ya kwamba ni dawa: anayumba hata akitembea, ulimi mzito, anasinzia mchana. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hupata nafuu ya maana kwayo, na kwa baadhi nafuu hufifia. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi bila cheti cha daktari, na duka la mtaani linalokupa bila cheti halikutendei wema. Isichanganywe na pombe, tramadoli ya maumivu wala dawa nyingine za usingizi. Pamoja huweza kuzima pumzi. Mwenye kukoroma kwa kukatika pumzi amwambie daktari kabla.

Gabapentini ni ya pili, na kwa mzee mwenye historia ya kuanguka au pombe mimi ningeona ianze yenyewe. Miligramu 300 usiku, kisha 300 nyingine inaongezwa kila baada ya siku 3 hadi 7, ikigawanywa mara 3 kwa siku. Nafuu huonekana kati ya miligramu 900 na 2,400 kwa siku. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa inaongeza uthabiti wa kusimama. Lilikuwa la wagonjwa 6 tu, na kwa ugonjwa adimu namna hii hayo ndiyo majaribio tuliyonayo. Figo zikiwa dhaifu kiwango kinapunguzwa sana. Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na mtu akadhani ni moyo. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi zinapunguza ufyonzwaji wake, ziachane kwa saa 2.

Ramadhani inahitaji mpango. Kati ya daku na futari zinapita saa 13 au zaidi, na dozi ya mchana inaondoka. Wengi huimeza pamoja na ya jioni, vidonge 2 au 3 kwa mkupuo. Tumbo lina kikomo cha kufyonza gabapentini kwa mara moja, kwa hiyo kipimo kikubwa kwa pamoja hakileti kile kilichogawanywa, huku usingizi unakuja kwa wakati mmoja mtu akiwa kwenye tarawehe. Azigawanye dozi wakati wa futari, kabla ya kulala na wakati wa daku, na mazungumzo hayo na daktari yafanyike mwezi wa Shaabani.

Nyingine nitazipitia haraka. Primidoni husaidia wachache. Mwilini sehemu yake hugeuka kuwa fenobabitali. Levodopa hujaribiwa hasa pale dalili za Parkinson zinapoandamana. Propranololi, inayosifika kwa mtetemo wa mikono, hapa kwa kawaida haifanyi kitu, na mwenye pumu asiiguse. Levetirasetamu, dawa ya kifafa, haikusaidia. Sindano za kulegeza misuli hazikusaidia pia, jambo lisiloshangaza kwa kuwa msuli si mkosaji. Upasuaji wa kuweka nyaya za umeme kwenye thalamusi, sehemu ya ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili, umewapa nafuu baadhi ya wagonjwa walioshindwa na dawa zote, kwa wengine nafuu ikapungua baada ya muda. Ni tiba ya kutolewa kwenye kituo chenye uzoefu nayo, na si ya kuuzia shamba la mikorosho.

Linalobaki ni kukatika kwa dawa, na huku Kusini linafuata kalenda ya korosho. Fedha huwepo kuanzia minada ya Oktoba hadi mwisho wa mwaka, zinapungua masika, na kufikia Julai na Agosti vidonge vinarukwa. Klonazepamu iliyotumiwa kwa wiki kadhaa ikikatwa ghafla huleta kukosa usingizi, jasho, mtetemo wa mwili mzima, na inaweza kuleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa. Familia ikiona fedha hazitafika mwisho wa msimu, irudi kliniki mwezi mmoja au zaidi kabla vidonge havijaisha. Daktari atapanga kushusha, kwa mfano miligramu 0.25 kila baada ya wiki 2: anayetumia miligramu 1 atamaliza kwa wiki 8 hivi. Kidonge cha 0.5 kikatwe katikati kwa wembe mkavu kwenye sahani, nusu inayobaki irudi kwenye kichupa chenye kifuniko mbali na unyevu wa pwani, na daftari la muda wa kusimama liendelee kujazwa wiki zote hizo.